Dele la Kahawa na Kopo la Biskuti

Mjukuu wangu Rehema,

Sisi huku Jeddah hatujambo, na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Umeniuliza kama uwahame wenyeji wako wa Uholanzi, kwa kuwa wanakupa biskuti moja na chai, kisha wanafunga kopo.

Wiki yangu ya kwanza ya kazi za nyumbani Riyadh, kabla sijahamia huku Jeddah, mama yake madam aliyeniajiri alinimiminia kahawa kwa dele. Kwetu Waswahili kukataa ni ufidhuli, nikanywa. Akajaza tena, na tena, bila kutabasamu. Niliamini ananikomoa. Nikaazimia kutoroka, ingawa pasipoti yangu ilikuwa kwa kafili, mdhamini wangu wa kazi. Mkono ukanitetemeka, kikombe kikatikisika.

Papo hapo akaliweka dele chini.

“Halas! Ukitosheka, tikisa kikombe, binti. Nilidhani utakunywa na dele lenyewe!”

Rehema, kabla hujafunga sanduku lako, waulize habari ya kopo.

Bibi yako,
Mwanaisha