Viatu vya Mzee na Suti ya Kijivu

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu kaja mchana na suti ya harusi begani. Ya kijivu, ya kubana kama ganda la ndizi. Akaivaa pale sebuleni. Kapendeza! Nikawa namzunguka, nagusa mabega. Halafu akasema: mama, nitavaa na viatu vya baba, vile vyeusi vizito. Nataka siku hiyo na yeye awepo.

Nikajibu haraka mno. Havifai, mwanangu. Suti haiendani na viatu vizito.

Mchumba wake akadakia: "Asante, mama! Mwambie. Vile si viatu, ni matofali yenye kamba."

Tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa hofu. Siku kumi na tisa zimebaki.

Jumanne, 4 Juni

Niandike, labda kifua kitatulia.

Mzee wangu, baba yake, alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Upungufu wa unene wa kidole tu, lakini shuleni walimwita Meza Mbovu. Mshahara wake wa kwanza aliupeleka kwa fundi viatu. Kwa nje vinalingana, soli nene huku na huku, mapacha. Ndani, cha kulia kimechongwa shimo, cha kushoto kimejazwa ngozi juu ya ngozi. Kiatu chembamba kisingeweza kuficha ujazo huo. Basi watu wakadhani anapenda viatu vizito.

Nyumbani akiwa pekupeku alichechemea kidogo. Alisema ni goti, aliumia uwanjani enzi za ujana. Hakuwahi kupiga mpira hata mmoja! Ila mwanangu aliamini, na mpaka leo anawasimulia wenzake kwa majivuno.

Wiki ya mwisho hospitalini alinishika mkono: mtoto asijue. Nikaahidi. Ni miezi saba sasa.

Na atakayevitia vile viatu miguuni atajua tangu hatua ya kwanza.

Alhamisi, 6 Juni

Kazini suti ni nyingi wiki hii, pasi ya mvuke haipumziki. Nilimuuliza yule wa mapokezi tunayemwita Jaji. Humhukumu kila mteja wa dobi kuanzia viatu kwenda juu. Nilitaka hoja tu za kumpelekea mwanangu.

"Dada," akasema, "suruali ikibana halafu kiatu kizito, mtu anakuwa kuku aliyevaa gambuti."

Nikafurahi. Kumbe hajamaliza! "Lakini suruali ikiwa pana, ikakilalia kiatu kidogo, na kitambaa kiwe kizito — ah, hapo mtu anasimama kama mnara."

Hiyo nusu ya pili sitaisema.

Ndivyo Mzee alivyovaa, lakini. Suti ya kahawia, pana, nikiipiga pasi mwenyewe. Akipaka rangi viatu alianza na cha kushoto, akakaa nacho muda mrefu, kama anayekiomba radhi.

Jumapili, 9 Juni

Mwanangu kapiga simu. Nikampa ya kuku na gambuti. Hakucheka. Akauliza: "Mama, kwani wewe hutaki nivivae?"

Nikasema ni suti tu, mwanangu, ni suti.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu naiona inakoishia.

Jumatano, 12 Juni

Fundi cherehani kaniharibia! Kamwambia mwanangu hakuna tabu, kitambaa kilekile bado kipo, atamshonea suruali nyingine pana. Na mchumba naye kageuka. Kanipigia mwenyewe: "Mama, nafuta kauli. Fundi kamvika suruali ya mfano na viatu vizito vya pale dukani, nikamwangalia kwenye kioo, nikanyamaza. Anapendeza vibaya sana."

Hoja zimekwisha. Leo nimeunguza kola ya mteja, mara ya kwanza kwa miaka mingi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimevitia kwenye mfuko, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa fundi wake wa viatu. Wanaoijua siri ni mimi na yeye tu. Nikamwambia: toa ujazo, ziba shimo la kile kingine, vilingane. Mwanangu avae, harusi ipite.

Akakishika cha kushoto, akakigeuzageuza. "Miaka ishirini na sita nimempima mguu huu, mama. Kila mwaka ananiuliza, fundi, haujakua? Mtu na mvi zake! Tunacheka mpaka wateja wanashangaa."

Hilo sikulijua. Mimi hakuniuliza hata siku moja.

Kisha akaingiza kisu chini ya ngozi. "Nikikitoa, harusi itapita salama. Ila hakitakuwa kiatu cha mzee tena. Kitakuwa kiatu."

Ngozi ilianza kubanduka. Nikapiga kelele — acha! Akaacha. Akaibandika tena kwa gundi, nikarudi navyo kama nilivyokwenda. Sijui nimefanya nini.

Jumamosi, 15 Juni

Saa nne asubuhi. Wamekuja na suruali mpya. Mwanangu hakuniuliza, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya viatu. Wako chumbani kwangu, ukuta mmoja na jikoni, mlango umerudishwa. Mimi niko jikoni na daftari ili mikono iwe na kazi.

Nasikia anafunga kamba. Kasimama.

Hatua moja. Ya pili. Kasita.

"Mbona umepinda hivyo?" Ni mchumba. "Vua, vinakubana."

"Havinibani. Ngoja."

Anatembea mpaka dirishani. Anarudi. Anakwenda tena, polepole, kama anayehesabu. Sasa amekaa, kitanda kimelia. Anavua cha kushoto. Gundi ya jana haijashika — nasikia ngozi inabanduka.

"Nini hicho?"

"Mama." Sauti ya mwanangu, ya chini, ya mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. "Mama, njoo kidogo."

Nimeitika naja. Bado nimekaa.

Anakuja mwenyewe. Hakungoja kuvaa, ana kiatu cha kulia tu. Hatua hizo za ukumbini nazijua hata nikiwa usingizini, ni za Mzee akiwa pekupeku: wa kulia unatua na uzito wote, wa kushoto unadondokea. Wa kulia. Wa kushoto unadondokea. Yuko mlangoni, kile kingine kakikumbatia kifuani, na mimi kalamu bado —