Siri ya Rozi Imesomwa Mapokezi, Lawama Nimebeba Mimi

Shangazi Bushra, shikamoo, nakuandikia nikiwa na hasira, univumilie. Mimi ni mpimaji wa maabara kwenye zahanati moja ya binafsi hapa Tunduma, na fundi alituwekea programu ya taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta ya mapokezi, akaacha ruhusa zote kama zilivyokuja, yaani yeyote anayekalia kile kiti anafungua folda, anasoma majibu, akitaka anafuta, nilipomwuliza akanijibu, "Sista, nikibana itagoma," sasa Tunduma unaijua, madereva wa malori wanaosubiri kuvuka Zambia wanakuja na flashi zao, na Violet wa mapokezi hana hiyana, anawapisha kiti wajichagulie nyimbo, basi mmoja akasoma majibu ya Rozi, mgonjwa wetu, Violet mwenyewe kaniambia, na dereva huyo ni kaka wa mchumba wa Rozi, posa imevunjika, Rozi akiniona sokoni anatema mate maana nilimpima mimi, na mganga mfawidhi anataka nisaini kwamba nimevujisha siri ili yaishe. Je, nisaini?

Gwantwa, Tunduma

Marahaba, Gwantwa, na usisaini! Ukisaini uongo huo, utakayeisha ni wewe. Huyo fundi hana haya? Programu ikija imeachia kila mtu, kubana ndiyo kazi yake: mapokezi waone jina tu, majibu yafunguliwe na mpimaji na daktari, kila mmoja kwa nenosiri lake. "Itagoma" ni jibu la mvivu. Na mfawidhi aliyeacha kompyuta ya wagonjwa iwe kibanda cha nyimbo, asaini yeye kwanza!

Lakini nawe nikuseme. Barua nzima unalilia jina lako. Uliona folda iko wazi, ukauliza mara moja, ukaendelea kuingiza siri za watu humo humo. Ungegoma wewe, mwanangu!

Kesho usiingize jibu lolote humo mpaka pafungwe. Mpe daktari majibu mkononi. Flashi zikome. Mfawidhi akikutisha, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya.

Ila kabla ya hayo yote, mshike Violet mkono mwende kwa Rozi, aseme kwa kinywa chake. Atawatukana, kaeni mtukanwe. Ana haki ya kujua kwamba uliyempima hukusema. Na ana haki ya kujua kwamba ulijua pako wazi.