Nisikilizie Upande wa Pili

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Cherehani imeacha vituko? Mimi mzima wa mwili, ila nimekwama. Mwenye meli katoweka, mahakama imeizuia, na tumetia nanga mbali na bandari. Mabaharia wenzangu wamerudishwa makwao, tumebaki mimi na Fundi wa mitambo, anayengoja mshahara wake. Karani wa mahakama alinipa karatasi nikatia sahihi bila kuisoma, nikidhani ni ya safari ya nyumbani. Kumbe nimekubali kuwa mlinzi wa meli. Sishuki mpaka iuzwe.

Jenereta haina mafuta, simu na redio zimekufa. Nina ombi la kijinga. Ile santuri yangu ya dabu, rege iliyopunguzwa maneno, yenye jalada la kijani, iko juu ya kabati lako. Nisikilizie upande wa pili, uniandikie ulichosikia. Boti ya maji italeta barua.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, hofu ni kwako. Unakula nini huko?

Nimeisikiliza. Mwimbaji kaimba mistari miwili, kaondoka. Shemeji yako akauliza, "Kaenda msalani?" Tukangoja weee, hakurudi. Ngoma na besi tu, kama jirani anahamisha makabati. Nikazima, nina magauni ya watu ya kushona.

Ofisi ya mabaharia nimekwenda mara tatu. Njoo kesho, njoo kesho.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Msalani! Nilimsomea Fundi, maana yeye hajui kusoma, tukacheka mpaka akakohoa.

Usimngoje mwimbaji. Sikiliza pale alipotoka. Gitaa nalo litaondolewa, kisha kinanda, kila kimoja kikiacha mwangwi. Besi haikimbilii kuziba pengo. Miaka sita injini ilitikisa godoro langu, sasa kimya kimenikaba. Najaribu kuivumisha ile besi mdomoni, inanipotea njiani. Rudia, tafadhali.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, mwanangu. Umekonda? Usinidanganye.

Jana nimelala sakafuni, sikio kwenye spika. Gitaa linasema "cha!" mara moja, linakatwa, na ile "cha" inazunguka chumba kama inatafuta mlango. Besi yako ni hii, nimeipata kwa mguu kwenye cherehani: dum-dum, dum, halafu kimya kirefu kuliko unavyotarajia, kisha dum. Ulikuwa unakosea hapo kwenye kimya, nadhani, unakifupisha. Hata shemeji yako aliniomba nirudie, nawe unamjua. Nimelia, mpumbavu mimi.

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Ulisema kweli, nilikuwa nakifupisha.

Karani amekuja leo. Amesema naweza kushuka Fundi akisaini badala yangu. Fundi akashika kalamu palepale. "Lete, kaka. Wewe una dada anakungoja."

"Ngoja nikusomee kwanza," nikamwambia.

Karani akasema boti inachelewa. Nikasoma yote, mpaka pale panaposema mlinzi hataondoka hadi meli iuzwe, bila tarehe. Fundi akaiweka kalamu chini. "Nina watoto, kaka. Nisamehe."

Nikamwambia hana kosa. Anashuka na boti hii, barua hii ataibeba yeye, ananihimiza nimalize. Wewe peke yako nakuambia: kabla sijafungua mdomo, nilitamani nisimsomee.

Niandikie upesi. Barua zako nitazisoma kwa sauti hivyo hivyo, ingawa Fundi hatakuwepo.

Mdogo wako