Jenerali Aliyeogopa Jogoo

Mpendwa Mama,

Leo nimewafundisha kidato cha tatu hapa Voi habari za ubongo, na nimekutaja darasani bila ruhusa yako.

Unamkumbuka Jenerali? Mbwa wetu kule Mghange alipozaa, wewe ulibaki na mtoto mmoja, Chapati, akalelewa jikoni katikati ya kuku na miguu yetu. Ndugu yake alichukuliwa na Mjomba, akapewa cheo hicho na kufungiwa kwenye stoo yenye giza ili awe mkali. Baadaye Mjomba alimrudisha kwa hasira. Wezi walikuwa wamekuja kwake, na Jenerali akajificha nyuma ya gunia la makaa.

"Huyu mbwa ni mjinga. Nitamtupa."

"Si mjinga," ulimjibu. "Hajaona kitu. Hata wewe ungelelewa stoo, ungemwogopa jogoo."

Wakati huo Jenerali alikuwa chini ya kitanda chako, akimkimbia jogoo.

Chapati alishajua kufungua komeo la jikoni kwa pua. Jenerali aliogopa hata mlango wenyewe. Ulimkalisha karibu na meko, ukamlisha ugali kwa mkono, ukimsemesha Kidawida taratibu kama mgeni aliyepotea njia. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, na bado hakujua jina lake. Wewe hukukata tamaa; tulikata sisi kwa niaba yako.

Halafu Mjomba akaja kututembelea. Jenerali alibweka kwa mara ya kwanza maishani mwake, na Mjomba akatumbukia kwenye banda la kuku. Alipotoka, manyoya kichwani, alisema kwa utulivu, "Si niliwaambia nitamfanya mkali?" Ulicheka hadi ukakaa chini.

Nimewaeleza wanafunzi kwamba ubongo una vipokezi vinavyodaka ujumbe unaopita kati ya seli na seli. Mnyama akiona, akinusa na kucheza tangu mdogo, njia za ujumbe huo huimarika, naye hujifunza upesi ukubwani. Aliyefungiwa hujifunza polepole, lakini hujifunza. Wao walikuwa wakiandika. Mimi nilikuwa nauona mkono wako wenye ugali.

Mjukuu wako ameanza kutambaa, Mama. Nimemwachia vifuniko vyote vya sufuria avigonge. Baba yake ameuliza kelele hizi ni za mpaka lini.

"Mwache," nimemwambia. "Anasoma."

Mjukuu huyo hukuwahi kumwona. Nimempa jina lako, na kila nikitaka kumkemea naona haya.

Pumzika salama, Mama.

Kitindamimba wako