Pete Yenye Nukta Mbili

Kibokoni, Mombasa
Novemba 1996

Kwa Mjomba Mselem, Maskati,

Nakuamkia, mjomba. Nyumbani ni wazima. Duka lako la kufulia pete na bangili za fedha sasa linauza kanda za taarab, na jirani yetu Bi Zuhura kapata mjukuu.

Mjomba, mume wangu Shukri alikwenda kazini Kilindini juma lililopita, hajarudi. Juzi shemeji zangu waliniletea pete ya fedha, imevuliwa kidoleni mwa maiti aliyeopolewa bandarini. Uso wake haukutambulikana. Washamzika, nao wataka nikae eda. Sikai! Wanaume wangapi Mombasa huvaa pete za fedha? Nimewaambia mwenye kujua ni ya nani ni fundi aliyeifua.

Ndani ina nyota, na chini yake nukta mbili. Nyota ni muhuri wako, sikatai. Lakini mafundi wengine hawakukuiga? Yule mwanafunzi wako aliyehamia Tudor hakubaki na muhuri wako? Kumbuka vyema, mjomba wangu. Niandikie japo mstari mmoja kwamba kazi ile si yako, niwaonyeshe.

Na tafadhali, usinikumbushe ulivyotuambia siku ya harusi, kwamba nyota yenye nukta mbili umeipiga kwenye pete mbili tu, yangu na yake. Yangu nimeivua, nimeifukia ndani ya debe la mchele, nisije nikazilinganisha.

Ni mimi mpwa wako,
Mejumaa, mke wa Shukri