Gia Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeifuta baiskeli vumbi, nimeipanda mpaka msikitini na kurudi. Gia moja tu, ile ile iliyokuwamo siku ya ajali. Kidole gumba cha kulia bado hakisukumi gia. Kinajikunja kidogo, kinatetemeka, kinalala. Wiki ya saba hii tangu kifuo, ule mti wenye ncha wa kufulia nazi, kinichome. Mtu mzima wa Fukayosi, nimekulia minazini, nakwenda kujichoma kwa sababu wakwe walikuwa wanatazama nami nikataka kufua nazi harakaharaka kama kijana. Nazi haikufuliwa. Nilifuliwa mimi.

Zamu ya kuchanja kuku ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kidomole na vitongoji vya mbele yake. Kuku wanachanjwa kabla hawajafunguliwa bandani. Ukifika jua limepanda, wameshatawanyika vichakani, na kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikiingia hakibakishi hata jogoo. Kwa gia moja sifiki mapema. Ule mwinuko baada ya korongo utanimaliza.

Nimechoka kabla sijaanza.

Jumatano, 6 Agosti

Afisa mifugo kapita nyumbani. Binti mdogo, heshima tele. Kaamkia, kauliza mkono, kanywa chai yote. Kisha kasema yupo kijana wa pikipiki yuko tayari kuichukua njia yangu. Yote.

"Sikuondoi, mzee wangu. Nataka kuku wachanjwe tu."

Ana haki. Nimechukia hata hivyo. Miaka tisa nimebeba kile kisanduku cha barafu kwenye karia. Huku wananiita Daktari wa Kuku, kwa kunitania, lakini wananiita. Bila ile njia mimi ni nani? Mzee mwenye kidole kibovu.

Nimemwomba anipe mpaka siku yenyewe. Kanipa.

Alhamisi, 7 Agosti

Bagamoyo mjini, mimi na baiskeli juu ya lori la mchanga. Fundi Kondo kanitandikia gia zake juu ya gunia kama muuza samaki. Za kubonyeza, kama zangu: gumba linasukuma, kidole cha shahada kinavuta. Hizo kwaheri. Ya kuzungusha, inayovaa kwenye usukani pale pale unaposhika. Na moja ya zamani, kikono kimesimama juu ya usukani, unakisogeza mbele na nyuma kwa chochote ulichonacho, hata kiganja. Ina kutu. Nikaiulizia.

"Mjomba, hiyo ya babu yangu. Chukua hii, unazungusha tu kama kifuniko cha soda."

Nikachukua ya kuzungusha. Ilikuwa inang'aa. Nina miaka hamsini na mbili na bado nanunua kinachong'aa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeanguka.

Kila asubuhi mke wangu Mwajuma ananikanda mkono kwa mafuta ya nyonyo. Leo kanikanda, nikapanda, nikaenda kuujaribu mwinuko. Katikati nikazungusha gia. Kiganja kikazunguka, gia haikuzunguka. Nikakaza. Kukaza kunataka gumba. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea.

Goti limechubuka. Hakuna aliyeona, ila mbuzi wawili.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejaribu tena bila mafuta, nimefunga kitambaa kiganjani. Inazunguka. Ila kuna balaa jingine ambalo Kondo hakuniambia, na mimi sikujiuliza. Salamu.

Huku hupiti watu kimya. Kila baraza, kila mwenye jembe, unanyanyua mkono wa kulia. Nikinyanyua, usukani nimeuachia. Nikirudisha mkono nashika vibaya, gia inaruka yenyewe. Kutoka nyumbani mpaka mwisho wa kijiji nimesalimia mara kumi na moja, gia imeruka mara saba. Mnyororo umetoka mara mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nikaamua nisinyanyue mkono. Nisalimie kwa mdomo tu na kichwa. Gia ilitulia. Nikafika korongoni vizuri.

Kurudi, pale barazani kwa muuza kahawa, Mzee Pazi akapaza sauti wote wasikie: "Daktari wa Kuku siku hizi haoni watu. Kapewa baiskeli mpya nini?"

Wakacheka. Nikacheka. Nyumbani sikula.

Jumanne, 12 Agosti

Mwajuma kaniangalia nikipiga kitambaa mafundo kwa meno.

"Baba Zuhura, mkono wa kushoto umekukosea nini?"

Nikamwambia wa kushoto una kazi zake. Akasema anazijua, na gia si chakula. Nikanuna. Tangu utotoni wa kushoto nimefundishwa kuuficha nyuma. Kupokea, kutoa, kula, kuelekeza njia, yote kulia. Nitaupandishaje cheo leo, uzeeni?

Baadaye nimekaa uani nikapiga hesabu upya. Breki vidole vinne vinaweza. Kushika usukani, kiganja kinaweza. Kinachohitaji wa kulia kweli njiani ni kimoja: salamu.

Usingizi hauji. Ubishi wangu unanichosha kuliko kidole.

Jumatano, 13 Agosti

Kwa Kondo tena. Nimeomba ile ya babu yake. Na ifungwe kushoto.

"Kushoto? Mjomba, watu watakucheka."

"Wameshaanza."

Kile cha kubadilishia gia za mbele, kilichokuwa kushoto, ameking'oa, mnyororo umekaa kwenye meno ya kati moja kwa moja. Kikono cha zamani kakigeuza, kakifunga mahali pake. Waya haukufika, akatafuta mrefu. Kutu akaisugua kwa majivu, bila kuombwa. Ile inayong'aa kaichukua tena, akaipanga juu ya gunia kumngojea mjinga mwingine.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbili za mazoezi. Nasogeza mbele nilipotaka nyuma. Kushoto kwangu hakuna akili, kama mtoto wa chekechea. Lakini mwinuko nimeupanda. Sikushuka. Nilihema mpaka nikaona nyota mchana.

Kesho. Kisanduku kiko tayari. Naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimetoka baada ya Alfajiri. Mara kumi na nne nimenyanyua mkono wa kulia. Gia haikuruka hata mara moja. Mzee Pazi kaninyanyulia kikombe.

Mwinuko ulinipunguza kasi. Nikafika Kidomole jua limeshatoka, nikajua nimechelewa. Nyumba mbili za mwanzo kuku walikuwa wameshatoka. Sikuwapata.

Kwa Bi Tatu, ajuza wa kuku kumi na saba, banda lilikuwa limefungwa. Wanapiga kelele ndani kama wamefungwa kwa dhuluma. Yeye kakaa mlangoni kwenye kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa. Hawa wamenitukana toka alfajiri."

Nikashika kuku kwa kulia, dawa nikaidondoshea jichoni kwa kushoto. Bi Tatu akautazama mkono, akanipa kuku wa pili. Kuku hawana adabu za mikono, hawakulalamika. Banda baada ya banda, mpaka barafu ikayeyuka.

Vitongoji vya mbele sikufika. Niligeuza penye njia panda. Miguu ilikataa, nami sikubishana nayo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempigia afisa. Nimemwambia vya mbele ampe kijana wa pikipiki, leo hii, kabla kuku hawajaumwa. Zile nyumba mbili nitazirudia kesho, na Kidomole niachiwe. Kasema, "Sawa, mzee wangu."

Nilidhani nitaumia zaidi.

Mwajuma kanikanda mkono. Mafuta hayana pa kuharibu sasa. Mzee Pazi kapita njiani, nikamnyanyulia mkono. Gumba lilibaki limelala kiganjani. Aliitikia vilevile.