Shairi la Shemeji Yako

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima, ila nimechoka. Bomba la jikoni bado linavuja, na yule kuku uliyeniachia siku hizi anataga chini ya kitanda. Shemeji yako hajambo; ndivyo anavyosema mwenyewe.

Unajua hapa shuleni walimu wa lugha hupeana zamu kutunga mashairi ya mtihani wa majaribio, bila jina la mtunzi. Safari hii zamu ilikuwa ya shemeji yako, na darasa la kulisoma ni langu. Alijua hilo. Nikalisoma kwa sauti: mtu amesimama mlangoni, viatu mkononi, hajui aingie au ageuke. Nilipofika kwenye kikombe chenye ufa ambacho mwenye nyumba hataki kukitupa, nikajua ni changu.

Nikauliza swali lililopangwa: "Mpenzi huyu ana shaka gani?"

Yule msichana wa nyuma tunayemwita Usingizi akanyoosha mkono. "Hana shaka, Mwalimu. Moyoni ameshaondoka. Anasubiri mwenzake aseme kwanza."

Darasa zima likaitikia. Nikamwambia, "Umepata. Kaa."

Leo nimemwomba mwalimu mkuu anihamishie darasa la kwanza, nikafundishe a-e-i-o-u. Akashangaa: "Kwani hawa wa darasa la saba wamekushinda?"

"Hapana," nikamwambia. "Wanaelewa mno."

Shemeji yako akikupigia simu, ongea naye habari za kuku tu. Hilo la kusema kwanza niachie mimi.

Mdogo wako